Usitoe Mji Usioujua

Mchezo wa vitendawili tumeurithi kwa mababu. Mmoja husema, "Kitendawili!" nasi hujibu, "Tega!" Tukishindwa kukitegua, mtegaji hudai mji, nasi humpa: "Chukua Dar es Salaam!" "Chukua Arusha!" Katika shule yetu mchezo huu umepata sura mpya. Jumamosi usiku tunategana mahali: mtu hutoa dalili tatu za mlima, mbuga au magofu, na wengine hubahatisha jina. Ni mchezo mzuri, wala sisemi uachwe. Nisemalo ni kwamba tunaucheza kwa uvivu.

Tazameni dalili zenyewe. "Nina theluji kileleni." Kabla ya dalili ya pili, ukumbi mzima umekwisha kupiga kelele: Kilimanjaro! "Nyumbu huhama kwangu kila mwaka." Serengeti! Hapo hakuna aliyefikiri. Tumekumbuka tu picha za vitabuni. Lakini mtu akitega mahali pa Nachingwea au Ruangwa, watu hunyamaza, kisha mmoja husema, "Huku hakuna kitu."

Haya, wenzangu, teguni hivi:

"Nililetwa kwa ajili ya karanga. Karanga zilikataa, nami nikang'olewa." Hiyo ni reli iliyotoka pwani kuja Nachingwea. Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga mwaka 1947, ikauacha mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

"Wageni walikuja kwangu kujifunza vita, wakarudi kwao kutawala." Hiyo ni kambi ya FRELIMO ya Nachingwea. Samora Machel aliongoza wapiganaji wake hapo, na tarehe 25 Juni 1975 akawa Rais wa kwanza wa Msumbiji huru.

"Nimo ndani ya penseli yako, nami nimelala chini ya miguu ya watu wa Ruangwa." Hayo ni madini ya kinywe.

"Nilizikwa Lindi, nimesimama Berlin, na kimo changu chapita mita 13." Huyo ni mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kati ya mwaka 1909 na 1913.

Je, yuko bado asemaye kuwa huku hakuna kitu?

Najua wako watakaosema kuwa mambo haya hayatatusaidia katika mtihani. Hasha! Darasani tunafundishwa uchumi wa kikoloni, tunakariri sababu na matokeo yake, na kumbe mfano wake uko nje ya dirisha. Aliyeelewa kwa nini reli ililetwa hapa, na kwa nini iling'olewa, hana haja ya kukariri.

Tena jambo hili lina haraka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 reli ilipofungwa, leo amepita miaka 80. Wazee wa namna hiyo wamebaki wachache. Vitabu vitatuambia pauni ngapi zilipotea, lakini ni mzee tu awezaye kutuambia kibarua alilipwa nini, na kituo kilikuwa upande gani wa mti upi. Akiondoka bila kuulizwa, dalili hiyo haitapatikana tena.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila darasa lilete vitendawili vitano vya mahali kila muhula, na kila kimoja kitokane na jambo ambalo mtegaji ameliona kwa macho yake au amemwuliza mzee. Wenzetu waliotoka Mwanza, Tanga na kwingineko wafanye vivyo hivyo wakati wa likizo, watuletee ya kwao. Wazazi nao tunawaomba watusaidie kuwapata wazee hao. Walimu wachague vilivyo bora, vichapwe katika gazeti hili.

Na sheria moja iongezwe: anayeshindwa asitoe mji asioweza kuueleza walau kwa mambo mawili. Maana mtu hawezi kutoa kisicho chake, na mji usioujua si wako, hata kama umezaliwa humo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne