Tuzibe Ufa kwa Akiba, si kwa Rehani

Sisi wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Shagasha na Gisakura na wa kiwanda cha saruji Bugarama hatujasahau tetemeko la Februari 3, 2008, lililopasua kuta nyingi Cyangugu. Kutengeneza nyumba ni lazima. Lakini tusiweke hati ya ardhi rehani kwa ajili ya rangi na mapazia! Akiba kwanza, katika SACCO za umurenge zilizoanza 2009. Kuta na bati mwanzo, mapambo mwisho. Mume na mke wakubaliane kabla ya kutia sahihi, kwani deni likishindikana nyumba hupigwa mnada. Na vyama vyetu vidai mshahara ulipwe kwa wakati: mfuko mtupu hauweki akiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.