Tunapima Sukari, Tunausahau Moyo

Si ajabu leo hii, katika nyumba za Dodoma mjini na hata za Kondoa na Mpwapwa, kumkuta mzazi mwenye daftari la kliniki ya kisukari. Akirejea, swali aulizwalo ni moja: "Sukari imesoma ngapi?" Ikisomeka vyema, familia humshukuru Mwenyezi Mungu na kuendelea na shughuli zake. Aghalabu hakuna amuulizaye habari za shinikizo la damu wala lehemu. Hapo ndipo hatari ilipojificha.

Wenye kisukari aina ya pili huuawa zaidi na maradhi ya moyo na mishipa ya damu kuliko na sukari yenyewe. Sukari ikishirikiana na shinikizo na lehemu, hujeruhi kuta za ndani za mishipa, mafuta yakajikusanya na njia ya damu ikawa nyembamba. Zaidi ya hayo, kisukari huharibu neva. Mgonjwa aweza kupata mshtuko wa moyo asihisi maumivu makali ya kifua. Huona uchovu, jasho au pumzi kumwishia tu, nasi nyumbani tukasema ni uzee.

Tatizo hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kuwa Watanzania 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, na takriban 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umekua kwa kasi. Wengi wetu tumeacha jembe tukakaa ofisini. Ugali wa uwele kwa mlenda umepisha chipsi na soda. Uwele nao si dawa, na kiasi ni lazima; lakini jembe lilikuwa likiutumikisha mwili, kiti hakifanyi hivyo.

Je, kuna njia? Ipo. Utafiti mkubwa wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 1998, ulibainisha kuwa kudhibiti shinikizo kwa makini kwa wenye kisukari kulipunguza vifo vitokanavyo na maradhi hayo kwa takriban theluthi moja. Dawa za kushusha lehemu nazo huzuia mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwa hiyo yatupasa kuuliza maswali manne kila tuendapo kliniki: sukari ya miezi mitatu, shinikizo, lehemu na figo. Tumbaku iachwe kabisa, chumvi ipunguzwe, na mwendo wa miguu wa nusu saa uwe desturi, kwa kadiri daktari atakavyoruhusu.

Kikwazo kikubwa ni fedha. Dodoma ina Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015, na mnamo Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Hata hivyo, bima itakayomlipia mgonjwa baada ya moyo kuharibika, ilhali kidonge cha shinikizo hakipatikani katika zahanati ya kijijini, itakuwa imechelewa. Kipimo cha sheria hiyo kitakuwa kule zahanati, kabla ya hospitali kubwa.

Limebaki suala la Ramadhani. Wapo wazee wanaoacha dawa, au wanaofunga kinyume cha ushauri wa daktari, wakiona kuwa ndiyo ucha Mungu. La hasha! Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Mgonjwa amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, apangiwe dawa za daku na futari, au aelezwe kwamba asifunge.

Basi jioni ya leo tusiishie kuuliza sukari. Tumuulize mzazi wetu: "Na presha je?"