Moyo Umerudi Kudunda. Halafu?

Wasee wa Lumakanda, tuongee ukweli. Kwenye filamu moyo ukirudi kudunda, watu wanakumbatiana na stori inaisha. Wodini, hapo ndipo kazi inaanza.

Mgonjwa aliyefufuliwa anaweza kuzimika tena wakati wowote. Daktari akienda kwa mwingine, muuguzi ndiye anabaki: aangalie presha isianguke, oksijeni isishuke, sukari iwe sawa, na homa isipande, maana ubongo uliokosa damu huumizwa zaidi na joto. Na kutoka huku hadi Eldoret au Kakamega mjini ni safari. Masaa hayo nani atamshikilia?

Leseni ya muuguzi Kenya haihuishwi bila kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza. Poa. Lakini kukaa kwenye semina si sawa na kuweza kazi. Wapimwe kando ya kitanda, si kufinya kifua cha mwanasesere tu, bali na yale yanayofuata. Na wapimwe tena na tena, kwa sababu ujuzi usiotumika huisha.

Najua mtasema manesi ni wachache. Kweli kabisa, ndiyo maana kipimo kisiwe fimbo. Sista akiwa peke yake usiku na wodi nzima, kifaa cha oksijeni hakina betri, aliyefeli si yeye. Tangu 2013 hizi hospitali ziko chini ya kaunti.

Kwa hivyo mheshimiwa akija kuahidi jengo jipya, muulize: wauguzi wetu walifunzwa na kupimwa lini mara ya mwisho?