Kabla ya Kuinua Kuta katika Nyumba ya Babu



Binamu yangu wa Maskati ameniletea mchoro wa nyumba yetu ya Sokomuhogo, Mji Mkongwe wa Unguja. Warithi tumekuwa wengi na tumetawanyika, na pendekezo lililopo ni kuigawa ghorofa ya pili kuwa vyumba sita kwa kuta za matofali ya saruji, ili kila tawi la ukoo lipate fungu lake. Kugawa nakuafiki. Matofali siyaafiki, na naomba nisikilizwe kabla fundi hajaitwa.

Tukumbuke kwanza nyumba ile imesimama juu ya nini. Kuta zake za nje ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa iliyopondwa. Sakafu ya namna hiyo ni nzito kabla haijabebeshwa kitu. Isitoshe, ncha za boriti zimezikwa ndani ya ukuta, mahali ambapo unyevu na mchwa hufanya kazi yao bila kuonekana.

Sasa tupige hesabu. Ukuta wa tofali la inchi sita, uliopigwa lipu pande zote mbili, huwa na uzito wa kilo 300 hivi au zaidi kwa kila mita ya mraba. Ukiwa na urefu wa mita nne na kimo cha mita tatu, ukuta mmoja tu hupita tani tatu na nusu. Ukuta wa fremu za chuma chepesi, uliofunikwa vibao pande mbili na kujazwa pamba ya kuhami, una kilo 30 hadi 50 kwa mita ya mraba. Ukuta mzima haufiki tani moja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Sidai kwamba yaliyolisibu jumba lile ndiyo yatakayotusibu sisi. Nasema tu kwamba majengo ya zamani hayasamehe mzigo kwa sababu ya heshima yake.

Shangazi zangu wamenijibu kwa neno moja: stara. Ukuta mwepesi, wanasema, hausitiri. Mume na mke wakinong'ona, jirani husikia. Hoja hii ni nzito, na jibu lake naliona kila siku. Naishi Brussels, karibu na uwanja wa Flagey, mkabala na jumba la zamani la redio lililobuniwa na Joseph Diongre na kukamilika mwaka 1938. Redio ilihama, jumba likaachwa, na mwaka 2002 likafunguliwa upya kuwa nyumba ya muziki. Studio zake zilijengwa kama sanduku ndani ya sanduku: chumba cha ndani kimetengwa na mwili wa jengo, ili mtikiso usipate njia ya kupita. Somo lake latufaa hata sisi tusio na okestra. Sauti huzuiwa na uzito, lakini huzuiwa pia na utengano. Nyuso mbili zisizogusana, zenye pamba katikati na ufito wa mpira chini ya fremu, hunyamazisha maongezi vizuri, mradi nyufa za kingo zizibwe. Nyumba nyingi za mtaa huu zina sakafu za mbao na zimegawanywa hivyo hivyo. Panapovuja sauti, mara nyingi kosa ni la fundi aliyeacha upenyo chini ya mlango.

Hata hivyo, tusinakili Ulaya kwa upofu. Vibao vya jipsamu vyenye karatasi havipatani na masika ya Unguja: hunyonya unyevu na kuota ukungu, na karatasi ni chakula cha mchwa. Kwetu zifae fremu za chuma kilichopakwa zinki na vibao vya saruji yenye nyuzi. Ukuta mpya ukatize boriti nyingi, usikalie moja peke yake. Tusichimbe ukuta wa zamani wala kuziba zidaka, na lipu yake ibaki ya chokaa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani. Na kabla ya yote, mhandisi akague ncha za boriti, kisha tuombe kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Walijua ukuta wa mawe ni wa kubeba, na kiambaza cha fito na udongo ni cha kugawa. Sisi ndio tuliosahau tofauti hiyo, tukadhani kila ukuta lazima uwe mzito ndipo uwe wa kweli.

Sababu yangu ya mwisho haihusu uhandisi. Mirathi hubadilika: leo tu matawi sita, kesho mmoja atamuuzia mwenziwe, kesho kutwa wajukuu watataka ukumbi wa kukutania siku ya Idi. Ukuta mwepesi hufunguliwa kwa bisibisi, na sebule ya babu hurudi kama alivyoiacha. Ukuta wa tofali hubomolewa kwa nyundo, juu ya boriti zilezile zilizochoka.

Naomba kila tawi litoe rai yake kabla ya Ramadhani. Mkikubali, gharama ya ukaguzi wa mhandisi nitaichukua mimi.

Wabillahi tawfiq.