Pwani Ile Nyingine

Na Achieng Makori

Mkenya akisema anakwenda pwani, hakuna anayemuuliza pwani ipi. Jumamosi nilikwenda pwani ya ziwa, kwa njia ya Migori, na tangu nirudi sina habari nyingine.

Kutoka mjini Migori hadi Thimlich Ohinga, mji wa kale wa mawe huko Nyatike, ni kama kilomita 46. Unaiacha barabara kuu iendayo Isebania, unakata kushoto na kulia vijijini, kisha unaukuta ukuta: mawe matupu, bila saruji wala udongo, mahali pengine umepita kimo cha watu wawili. Mawe madogo yameshindiliwa kati ya makubwa, yakashikana kwa uzito wao wenyewe, na yamesimama hivyo kwa miaka 500 hivi. Mlango ni mfupi, shurti uiname. Adui naye aliinama, akaingiza kichwa kwanza, na mlinzi alikuwa akimngoja ndani.

Kinachonigusa zaidi ni wenyeji wake. Walikaa watu wa jamii za Kibantu, baadaye wakaja Waluo, na waliofika waliziba palipobomoka wakaendelea kuishi. Hawakuuliza kwanza nani alipanga jiwe la chini.

UNESCO iliuweka mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Lakini basi la shule kutoka huku kwetu husafiri mbali hadi Mombasa kuiona Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waende, Fort Jesus ni yetu pia. Ila mtoto wa Nyatike kuyajua mawe ya Mreno kabla ya mawe ya babu yake, hilo linaniuma. Na siwalaumu walimu peke yao: sisi wazazi ndio tunaolipa nauli bila kuuliza.

Tulipita Ndhiwa, tukaacha upande mmoja Bonde la Lambwe na mbuga ya Ruma, makao ya korongo, swala ambaye Kenya nzima amebaki huko tu. Homa Bay tulifika jua likizama. Akina mama walikuwa wakikusanya omena waliokauka juu ya nyavu, na wavuvi wakisukuma mashua majini, taa zao tayari kwa kazi ya usiku. Kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, hatukukifikia. Likizo ya Agosti narudi na wapwa zangu wanne, na tutaanzia pale mlangoni, kwa kuinama.