Usiamini Kizuizi cha Bunduki Uliyoibadilisha

Bwana mkulima wa Eldoret, kama unayo bunduki ya bolti yenye cheti, soma haya kabla ya kuichukua tena.

Tangu uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya mwaka 1977, bunduki ya shambani ni ya kulinda boma na mifugo. Sioni basi faida ya kung'oa kifyatulio cha kiwandani na kutia kingine chepesi cha kununua. Wezi wa ng'ombe hawapigwi shabaha za mashindano! Lakini wako waliokwisha kubadilisha.

Katika Mauser ya muundo wa mwaka 1898, kizuizi kiko nyuma ya bolti. Kazi yake ni kuirudisha nyuma kidogo pini inayopiga risasi, isiegemee kifyatulio. Kifyatulio kipya kisipolingana nacho, kizuizi hugoma kufunga, au hufunga bila kuirudisha pini. La pili ndilo baya zaidi. Mtoto anagusa kifyatulio, kimya. Jioni wewe unafungua kizuizi, na risasi inatoka yenyewe.

Jaribu hivi. Toa risasi zote, uhakikishe kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Elekeza mtutu kwenye udongo. Koki, funga kizuizi, vuta kifyatulio, kiachie, kisha fungua kizuizi. Ukisikia pini ikipiga, kosa lipo.

Usishike tupa, chuma kikishaliwa hakirudi. Mpelekee fundi aliyeandikishwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ukiwa na cheti chako. Mpaka siku hiyo, toa bolti, uifungie mbali na bunduki.