Tasi na Pono: Mjue Samaki Kabla ya Kumpika



Mimi nilizaliwa Lushoto, milimani, ambako samaki tuliyemzoea ni dagaa mkavu wa gulioni. Nilipoolewa Tanga mjini, wiki ya kwanza tu mume wangu alileta fungu la samaki kutoka Deep Sea. Niliketi uani na kisu, nikamkamata mmoja wa rangi ya majivu mwenye madoa meupe. Kabla sijamkata, mwiba ukaniingia kidoleni. Maumivu yalipanda hadi kwapani! Nililia kama mtoto, na mawifi wakacheka.

Mama mkwe hakucheka. "Mwanangu, huyo ni tasi," alisema. "Hashikwi ovyo." Akaniletea bakuli la maji ya moto ya kuvumilika, nikatumbukiza mkono. Taratibu maumivu yakatulia. Kisha akanifundisha tofauti ya samaki wawili waliokuwa katika fungu lile.

Tasi, ambaye wengine humwita chafi au tafi, ana mdomo mdogo na ngozi laini yenye magamba madogo mno. Hula mwani na majani ya baharini. Silaha yake ni miiba 24 yenye sumu: 13 mgongoni, 7 nyuma ya tumbo, na 4 katika mapezi mawili ya tumboni. Hata akiwa amekufa miiba hiyo huchoma. Nyama yake haina sumu, na moto wa jiko huiharibu sumu ya miiba. Kwa hiyo anza kwa kukata mapezi yote kwa mkasi, ndipo umtumbue. Mtoto akichomwa, tumia maji ya moto, lakini yapime kwanza kwa mkono wako usije ukamuunguza. Akivimba sana au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja.

Pono hana sumu. Utamjua kwa magamba makubwa na meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Kwa meno hayo hukwangua mwani juu ya matumbawe, husaga mawe yake kooni, kisha huyatoa yakiwa mchanga mweupe. Ule mchanga ambao watoto wetu huuchezea ufukweni, sehemu yake imepita tumboni mwa pono! Na tunaposema mtu amelala usingizi wa pono, hatukosei. Usiku hulala fofofo miambani, na baadhi ya aina zake hujifunika utando wa ute, kama sisi na chandarua, ukawakinga na wadudu wanyonyao damu.

Jikoni pia hawafanani. Tasi nyama yake imeshikana, anafaa kuchomwa au kukaangwa mzima. Pono ni laini, hupondeka upesi. Mpake chumvi na ndimu, mkaange kidogo, ndipo umtie katika tui. Usimkoroge kwa mwiko, tikisa sufuria tu. Wote wawili watumbue mapema, kwa kuwa matumbo yaliyojaa mwani huharibika haraka.

Jambo la mwisho ni sokoni. Samaki hawa ndio wafagiaji wa miamba. Wakiisha, mwani hufunika matumbawe, na samaki wengine hukosa makazi. Kwa hiyo tusinunue vitoto vyao. Tusinunue pia waliouawa kwa baruti, uvuvi haramu ulioitesa pwani yetu kwa miaka mingi. Ukimpasua samaki ukakuta uti wa mgongo umevunjika na damu imejaa tumboni, shuku baruti, na usirudi kwa muuzaji huyo. Tukikataa sisi wenye vikapu, atamuuzia nani?

Mwaka huu nami nimepata mkamwana, binti wa Singida. Siku ya kwanza alipoketi uani na fungu la tasi, kabla ya kisu nilimpa mkasi.